Sekunde Hamsini Bila Mawimbi

Yudelka Batista hakukaa kwenye kiti alichosogezewa. Alisimama nyuma yake, mikono mifukoni, akaitazama kompyuta ya chumba cha kurekodia kama anavyoitazama sufuria iliyoungua jikoni kwake: kwanza aone kilichoungua, kelele baadaye.

"Nani ameigusa tangu jana asubuhi?"

"Hakuna mtu," akasema don Amable Tavárez, mwenye redio. "Mimi tu."

"Wewe nawe ni mtu, don Amable. Uligusa nini?"

"Niliizima, nikaiwasha. Mara tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Kwa sababu mbili hazikusaidia."

Yudelka aliandika hilo kwenye kijidaftari chake. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye karakana karibu na soko la Moca, na kila Alhamisi alasiri alikuja kwenye redio hii hii kuwapa wasikilizaji maarifa ya kutumia Windows kwa nusu saa. Nusu ya mashine za mji zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alichojifunza ni kwamba mashine husema ukweli ukiiuliza vizuri, na mwenye mashine husema ukweli ukimwuliza mara ya pili.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Nyimbo elfu moja mia moja na arobaini za akodiani, ambazo mtangazaji don Eurípides alizirekodi kwa miaka arobaini akizunguka kwenye nyua za watu, zilikuwa zimetoweka. Jana Jumatatu mzee alifungua folda yake hewani akaikuta tupu. Diski ya nje yenye nakala nayo haikuwepo mahali pake. Na ufunguo wa chumba, ambacho hufungwa usiku tu, alikuwa nao Rauli Genao, fundi wa sauti.

"Ninachotaka kwako ni karatasi," akasema don Amable. "Uandike kwamba Rauli kafuta nyimbo na kaondoka na diski. Utie saini. Luteni wa polisi anakuja saa sita."

"Nitaandika nitakachokikuta."

"Utakuta hicho hicho."

"Basi hupotezi kitu ukinisubiri." Alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. "Mwite Rauli. Na wewe utoke."

"Chumba ni changu!"

"Ndiyo, na ni kizuri sana. Toka, mpenzi wangu."

Rauli aliingia na vifaa vya masikioni bado vikining'inia shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na macho ya mtu ambaye hakulala. Akiandikishwa polisi kwa wizi, hakuna redio kati ya Moca na Santiago ambayo ingemruhusu kushika hata waya. Wote wawili walilijua hilo, kwa hiyo hawakulizungumza.

"Nenosiri lako nani analijua?" Yudelka akauliza.

"Wote, dada. Si lile pale?"

Lilikuwa limebandikwa kwenye ukingo wa skrini, kwenye karatasi ya njano, kwa herufi kubwa.

"Kwa hiyo kompyuta ikisema 'Rauli', maana yake ni binadamu yeyote mwenye macho. Nyimbo ulizihifadhi kwenye folda gani?"

"Mahali salama."

"Nina watoto watatu, Rauli. Hiyo 'mahali salama' ninaijua. Folda gani?"

Alizungusha waya kwenye kidole. "Vipakuliwa."

Yudelka akaacha kuandika.

"Yule jamaa wa Santo Domingo aliyezitoa kwenye kanda alizituma kwa intaneti," Rauli akaeleza haraka. "Zikashukia hapo. Nikasema nitazihamisha Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Ya mwaka jana. Nikamwekea don Eurípides njia ya mkato kwenye uso wa kompyuta, yenye picha yake. Yeye anabonyeza picha, anadhani nyimbo zinaishi hapo."

"Na diski?"

"Kila siku saa nne usiku kompyuta inajinakili humo yenyewe. Niliipanga iwe kama kioo. Kikifutwa huku, kinafutwa na kule."

"Kwa hiyo hata ikipatikana..."

"Tupu." Sauti yake ilishuka. "Isipopatikana mimi ni mwizi. Ikipatikana mimi ni mjinga."

"Mjinga hafungwi," Yudelka akasema. "Kaa hapo, usiguse kitu."

Sasa ndipo alipoketi. Alifungua folda ya Vipakuliwa. Tupu kweli, na tarehe yake ya mabadiliko ilikuwa Alhamisi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Alifungua kapu la taka. Tupu. Alikwenda kwenye faili za muda, zile takataka ambazo kompyuta hujirundikia yenyewe kila siku. Za tangu Ijumaa zilikuwepo. Za kabla ya Alhamisi saa kumi na dakika ishirini, hata moja. Picha ndogo ndogo za zamani, mabaki ya masasisho ya mwezi mzima, vyote vimefagiwa dakika ile ile.

"Rauli, mwizi akiingia nyumbani kwako anachukua nini?"

"Televisheni."

"Anakuoshea na vyombo?"

"Hapana."

"Huyu kaosha vyombo, kamwaga taka, kapiga na deki. Mwizi habebi takataka. Aliyepita hapa alikuwa anafanya usafi."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Don Amable alirudi na simu mkononi, na nyuma yake don Eurípides mwenyewe, kofia ya majani kifuani kama mtu aliye msibani.

"Na La Vega je?" don Amable akang'aka. "Jumapili redio ya kule imepiga wimbo wa merenge wa Chago Almánzar! Hiyo tunayo sisi peke yetu. Nimeirekodi kwenye simu, sikiliza! Huyu kijana kawauzia!"

Yudelka alimpa simu don Eurípides. Mzee alifumba macho, akasikiliza akodiani ikiingia, ngoma ikifuata. Hakufika nusu.

"Hii si yangu."

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Jogoo yuko wapi?"

"Jogoo gani?"

"Chago nilimrekodi uani kwake, mwaka themanini na nne. Alikuwa na jogoo mwenye wivu. Kila Chago akivuta akodiani, jogoo anamjibu. Tulirudia mara tano, jogoo hakukubali kushindwa, tukamwacha." Alimrudishia don Amable simu. "Hii ya kwako ni ya sahani ya santuri. Kila nyumba yenye bibi ina santuri hii. Hata La Vega wana mabibi."

Rauli alicheka kwanza, akakumbuka hali yake, akanyamaza. Don Amable alitia simu mfukoni kama mtu anayeficha mfupa.

Yudelka aligeukia skrini tena. Windows ina daftari lake la zamu, ambalo watumiaji wengi hawajawahi kulifungua maishani, na humo huandika kila linaloipata: nani kaingia, nini kimechomekwa, nini kimekufa. Alirudi nyuma hadi Alhamisi, akishuka mstari kwa mstari. Saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri alikuta alichokitaka. Diski ya nje ilikuwa imechomolewa ghafla, bila kuagwa. Hakukuwa na mstari unaosema imerudi.

Alizihesabu saa kwa vidole. Diski iliondoka saa tisa na arobaini na mbili. Ufagio ulipita saa kumi na ishirini. Saa nne usiku kioo kilipotaka kujitazama, diski haikuwepo.

Aliwageukia.

"Alhamisi iliyopita umeme ulipokatika mchana, kila mmoja alikuwa wapi?"

Lilikuwa swali rahisi. Moca mtu anaweza kusahau alichokula jana, lakini umeme ulipomwacha anakumbuka mpaka ndara alizovaa.

"Ofisini," akasema don Amable. "Feni ilikata, nikatukana."

"Nilikimbilia uani kuwasha jenereta," akasema Rauli. "Studio ina inveta yake ya betri, na kompyuta hii pia, hazikutetereka. Lakini mtambo wa kurushia matangazo unategemea jenereta."

"Nilikuwa kwenye duka la ng'ambo," akasema don Eurípides. "Na redio ya betri. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

"Mimi nilikuwa studio naongea, sikuona kitu," Yudelka akasema. "Nani tena yuko humu ndani mchana?"

Walitazamana.

"Hakuna," akasema don Amable.

Wakati huo huo 'hakuna' huyo aliingia na sinia la vikombe vidogo vya kahawa. Doña Fredesvinda alikuwa amefanya usafi na kupika kahawa redioni hapo tangu kabla Rauli hajazaliwa. Alimpa kila mtu kikombe, cha Rauli kikiwa na sukari zaidi.

"Kula kitu, mwanangu, umekuwa kama ufito."

"Doña Fredesvinda," Yudelka akasema, "Alhamisi umeme ulipokatika ulifanya nini?"

"Nilichomoa."

"Ulichomoa nini?"

"Vyote, binti yangu! Friji, feni, birika, vyote. Umeme wa hapa ukirudi unarudi na hasira. Uliniunguzia blenda mbili na televisheni ya marehemu mume wangu. Ukikatika tu, mimi nachomoa."

"Na humu chumbani?"

"Hiyo kubwa sikuigusa, don Amable alishanigombeza. Kile cheusi kidogo pembeni yake ndicho nilichochomoa. Kilikuwa kinawaka taa ya bluu, nikakionea huruma."

Don Amable alikuwa amesimama. "Kiko wapi?"

"Kwenye oveni."

"Kwenye nini?"

"Oveni, na sufuria zangu. Ungetaka nikiweke wapi, juu ya friji kidondoke? Oveni ile haijawashwa tangu Krismasi ya mwaka juzi."

"Umekaa siku tano bila kusema!"

"Ijumaa nilikwenda Higüey kwenye harusi ya mjukuu wangu, na ruhusa ulinipa wewe. Nimerudi leo. Tangu asubuhi mnapiga kelele kwamba kuna mwizi. Mimi sijaiba. Nani kaniuliza?"

Rauli alikuwa ameshatoka mbio. Sauti ya sufuria zikianguka ilisikika jikoni, kisha akarudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha sahani chenye maua. Don Amable alimpokonya, akafungua kitambaa, akaushika waya wake, akainama kuelekea kompyuta.

"Usichomeke!"

Alishtuka akarudi nyuma. Ilikuwa sauti ambayo Yudelka huitumia mtoto anapokaribia jiko.

"Ile amri ya kioo imekosa zamu tano," akasema, sasa taratibu. "Inaisubiri hii diski. Ukiichomeka tu, kompyuta itaitazama folda yake tupu, itaitazama diski iliyojaa, na itazifananisha. Utazifuta nyimbo zote kwa mkono wako mwenyewe, don Amable, mbele ya mashahidi wanne."

Don Amable alimkabidhi diski kwa vidole viwili.

"Imejaa?" Rauli akauliza. "Umesema imejaa?"

"Iliondoka kabla ya ufagio." Alikuwa tayari kwenye ratiba ya kazi za kompyuta. Aliipata amri ya saa nne usiku, akaizima, akahakikisha imezimika, akahakikisha tena. Ndipo akaichomeka mwenyewe. Taa ya bluu iliwaka. Folda ilifunguka, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini, ukurasa baada ya ukurasa. Alibonyeza moja.

Akodiani iliingia. Jogoo akaijibu.

Don Eurípides alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Rauli aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Doña Fredesvinda aliuliza kama kuna anayetaka kahawa nyingine.

"Vizuri," akasema don Amable, akisafisha koo. "Lakini kuna mtu alifuta. Huo ufagio. Nani?"

Yudelka aliijua dakika ile, saa kumi na ishirini, tangu alipoiona. Kipindi chake Alhamisi kilikwisha saa kumi kamili, na mada ilikuwa kuipunguzia kompyuta mzigo.

"Mzee wangu," akamwambia don Eurípides, "Alhamisi baada ya kunisikiliza, ulikuja humu?"

"Nilikuja," mzee akasema kwa fahari. "Ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Nikaifanyia ulivyosema. Mipangilio, Mfumo, Hifadhi, Faili za Muda. Niliandika kwenye kiganja. Nikavitia tiki visanduku vyote na..." Alisita. Aliangalia kiganja chake, kisha skrini. "Ni mimi?"

"Lakini nilisema vyote isipokuwa kimoja. Isipokuwa Vipakuliwa."

"Hukusema."

"Nilisema, don Eurípides. Nimelisema hilo kwa watu miaka kumi na moja."

"Binti, mimi nimekula mkate wa redio miaka arobaini. Najua kusikiliza. Hukusema."

Rauli alifungua rekodi ya studio ya Alhamisi. Sauti ya Yudelka ilijaa chumba: *Utaona visanduku. Vitie tiki vyote. Isipokuwa kimoja, na hili nawaomba mlishike: Vipakuliwa usikiguse. Humo ndimo watu huwa wamesahau picha zao na nyaraka zao.*

"Haya," Yudelka akasema. Hakuweza kujizuia.

"Kwenye redio yangu hayo hayakuwemo," akasema doña Fredesvinda.

Wote wakamgeukia.

"Ulisema vitie tiki vyote, halafu shhhh. Nikakimbia kuchomoa. Iliporudi ulikuwa unamsalimia mama mmoja wa San Víctor."

Rauli alinyoosha mkono rafuni, akashusha daftari la mtambo ambamo huandika kila katizo. Alisoma kwa sauti. "Alhamisi. Umeme umekatika saa tisa na arobaini na moja. Jenereta imeshika baada ya sekunde hamsini." Aliitazama saa ya rekodi. "Ni hapo hapo, dada. Studio ilikuwa kwenye inveta, ukaendelea kuongea. Lakini mtambo ulikuwa umezimika, hewani hakukuwa na mawimbi."

Yudelka alikaa akiitazama taa ya bluu. Mzee alikuwa ametii neno kwa neno. Na si yeye peke yake aliyekuwa na redio ya betri.

Luteni alifika saa sita kasoro kumi, mwanamume mpana mwenye bahasha ya fomu kwapani. Don Amable alimpokea mlangoni, akamwambia hakuna kesi, ni makosa, na akaongeza, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika hadi ukumbini, kwamba Rauli ni kijana mwaminifu. Rauli alimsikia. Doña Fredesvinda, ambaye alihakikisha kijana amelisikia hilo, alimtilia luteni kahawa.

Luteni hakuondoka. Alimsogelea Yudelka, akavua kofia.

"Doña Yudelka, samahani. Ile ya visanduku, ya Alhamisi..."

"Ulivitia vyote."

"Vyote. Picha za ubatizo wa binti yangu mdogo sizioni. Mke wangu bado hajui."

"Kompyuta iko wapi?"

"Kwenye gari. Naogopa kuiacha nyumbani."

"Umeandika kitu humo tangu Alhamisi? Umeweka filamu, muziki?"

"Sijaigusa. Naiogopa."

"Hofu yako imekuokoa pengine. Usiiwashe. Iache karakana kwangu leo. Siahidi, lakini nimeshafufua zilizokufa zaidi." Alimgeukia don Amable. "Nataka dakika tano hewani. Sasa."

"Sasa hivi ni matangazo ya vifo!"

"Marehemu hawatalalamika."

Alikaa mbele ya maikrofoni. Nyuma ya dirisha la kioo, Rauli alirudisha vifaa vyake masikioni, akainua kidole gumba. Kwenye chumba cha kurekodia diski ilikuwa inanakili nyimbo kurudi nyumbani, safari hii kwenye folda yenye jina la mzee, naye don Eurípides amekaa pembeni yake kama mlinzi wa benki. Doña Fredesvinda alisimama kwenye mlango wa kati ya vyumba hivyo viwili na redio yake ya betri, sauti chini, sikio juu yake.

"Wapenzi wasikilizaji," Yudelka akasema, "Alhamisi niliwapa maneno nusu. Nilidhani nimewapa yote. Kosa si lenu. Kama ulivitia tiki visanduku vyote na kuna kitu hukioni, izime kompyuta, usihifadhi humo kitu chochote, uje kwangu, sitaki malipo. Na ambaye bado, asikie sasa. Katika vile visanduku—"

Feni ilikata. Mtaani sauti za watu zikapanda kwa pamoja, kama kawaida, za kulaani. Taa ya maikrofoni iliendelea kuwaka, nyekundu na tulivu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Rauli alikuwa ameshatoka mbio kuelekea uani.

Yudelka alifunga mdomo.

Doña Fredesvinda alitikisa kichwa: shhhh tu. Kisha macho yake yakaenda, pole pole, hadi kwenye kile cheusi kidogo chenye taa ya bluu, na mkono wake ukaanza kuyafuata. Yudelka, bila kunyanyuka, alimwinulia kidole cha kumkataza. Mama yule alisonya, akaenda kuchomoa friji, akarudi.

Walisubiri. Don Amable alitoa ishara kutoka ofisini, ongea, ongea, kimya hewani ni aibu! Yudelka alimpungia mkono kama anayemuaga. Jenereta ilikohoa uani mara moja, mbili, ikashika. Redio mkononi mwa doña Fredesvinda ikavuma, ikatulia.

"Haya, binti yangu," akasema. "Sasa unasikika."

Yudelka alianza tena tangu mwanzo.